Friji Lililojifanya Kabati

Mimi ndiye ninayemimina kahawa kwenye benchi hili, kwa hiyo niaminini: hakuna neno linalosemwa hapa bila kupita masikioni mwangu. Kupita mdomoni mwangu ni jambo lingine. Wiki yangu ya kwanza wateja waliniita Kimya, na jina langu halisi hawalijui hadi leo, maana ingebidi nilitamke.

Banda ni la shangazi yangu, dada wa baba. Kushoto kwetu ni saluni ya Waziri. Waziri si waziri, ni kinyozi; tumempa cheo hicho kwa sababu ana jibu la kila swali na hakuna alichowahi kutekeleza. Kulia ni chumba cha Mzee Pasi, dobi, ambaye nguo za mtaa mzima hupita mikononi mwake, pamoja na siri zilizosahauliwa mifukoni. Mwenzao wa tatu hana chumba. Ni Volti, fundi umeme mwenye nyusi moja. Ya pili aliiacha kwenye swichi ya mtu.

Vyumba vyetu vitatu vina mita moja ya umeme, ile ya kununua yuniti kwanza ndipo uwashe. Tunachanga, tunanunua, zinaisha, tunagombana. Na ugomvi ni uleule: nani anakula umeme wa wenzake.

Asubuhi ile yuniti zilikuwa zimekatika tena, na mwezi ulikuwa bado mbichi. Shangazi alikuja akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akalitazama friji letu. Ni friji kubwa, jeupe la zamani, na likiwaka hutetemeka mpaka vikombe vinagongana kwenye trei.

"Mwanangu," akaniambia, "mwezi ujao yuniti zikiisha tena kabla ya tarehe ishirini, hili friji nawapa watu wa vyuma chakavu. Na bila vinywaji baridi, kahawa peke yake hailipi kodi. Nitafunga banda, na wewe utarudi kwa baba yako ukafuge kuku."

Nikaitikia kwa kichwa. Shangazi akaondoka. Sina ubaya na kuku, lakini kuku hawana habari. Mtu asiyeongea kama mimi anahitaji kukaa mahali ambapo wengine wanaongea kwa niaba yake, na mahali pangu ni hapa.

Hapo ndipo Waziri alipoingia na karatasi ya kijani, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitambulisho cha adui yake.

"Sikilizeni hii. Shirika la umeme linapita mtaa kwa mtaa, majumbani na kwenye biashara. Linataka kutusaidia tutumie umeme kidogo."

Mzee Pasi akashusha kikombe. "Rudia."

"Tutumie umeme kidogo."

"Shirika linauza nini?"

"Umeme."

"Na linataka tununue?"

"Kidogo."

"Mwenye bucha akikushauri ule mboga za majani," Mzee Pasi akasema, "usiishukuru huruma yake. Ichunguze nyama."

"Mzee, labda wamebadilika."

"Mimi nimefua mashati ya watu wa shirika lile miaka ishirini. Doa la kwapa halijabadilika, wabadilike wao?"

Volti alikuwa anapuliza kahawa, macho kafumba nusu, kama daktari anayesubiri ndugu wa mgonjwa wamalize kulia. "Mmemaliza? Sasa niseme mimi niliye kwenye fani. Huo ni ukaguzi."

"Ukaguzi gani?"

"Wa nani anakula sana. Wanakuja na kifaa, wanapima pasi, wanapima friji, wanaandika. Mwezi unaofuata, mlaji mkubwa anapandishiwa bei. Wanaita msaada ili mfungue mlango."

"Umesoma wapi hayo?"

"Mambo ya umeme hayasomwi, yanahisiwa." Akagusa mahali palipokuwa na nyusi.

"Basi wakija," Mzee Pasi akasema, "waanzie saluni. Kile kioo cha Waziri kina balbu kumi na mbili kama harusi."

"Kumi na mbili, lakini mbili zimeungua. Mzee, nyani haoni kundule. Wewe unaacha pasi inawaka unakuja kunywa kahawa."

"Nikiizima inapoa."

"Ndiyo kazi ya kuzima."

"Inapoa, halafu napaswa kuipasha upya. Hasara."

"Mzee, hivi tunavyoongea imewaka?"

Mzee Pasi akainuka taratibu, akaenda, akarudi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akakaa na kusema, "Anayekula umeme si mimi wala si wewe. Ni lile jambazi jeupe pale." Akaelekeza kidevu kwenye friji. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Wote wakalitazama friji, halafu wakanitazama mimi, kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Nikainamia vikombe.

Ile karatasi ya kijani Waziri aliitumia kufutia kahawa iliyomwagika, akaiacha. Nikaianika kando ya jiko, nikaisoma nikiwa naosha vyombo. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo ninasoma polepole, na mtu anayesoma polepole haruki mstari. Waziri alikuwa amesoma kichwa cha habari peke yake. Chini yake mambo yalikuwa mengine kabisa. Watakuja Jumanne. Watapima kila kifaa. Balbu za kizamani watabadilisha bure. Friji bovu linalokula sana litachukuliwa, mwenyewe apewe jipya kwa nusu bei, alipe kidogo kidogo kila anaponunua yuniti. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama kunguni: kifaa kiwe kinatumika siku ya kupimwa.

Nikaelewa. Lile jambazi jeupe, likipimwa likiwa linakula, ndilo litakalotuokoa. Tulitakiwa kuliacha liwake, litetemeke, lijidhalilishe mbele ya watu.

Nikaamua kusema. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza Volti alikuwa anaongea. Mara ya pili Waziri alikuwa anaongea. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa anaongea, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikaufunga mdomo nikauliza kama kuna anayetaka tangawizi.

"Kimya ameongea," Waziri akasema. "Mvua inakuja."

Basi mpango ukapangwa juu ya kichwa changu. Volti ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi. "Jumanne," akasema, "hapa hakuna umeme. Hapa wanaishi watu wa mkaa na jua. Mzee, unaweza kupata pasi ya mkaa?"

"Ipo ya marehemu mama."

"Waziri, unanyoa nje, kwa mkasi. Balbu zote unafungua unaweka kwenye ndoo."

"Mkasi nilishika mara ya mwisho nilipokuwa najifunza."

"Kichwa ni kichwa. Na friji tunalizima asubuhi, tunalifunika pazia, linakuwa kabati."

"Shangazi yake atakubali?"

"Ataambiwa ni kwa usalama wake."

Shangazi aliambiwa, akaogopa bei kupandishwa, akaleta pazia mwenyewe. Lilikuwa la sebuleni kwake, lenye maua makubwa. Akaweka na kitambaa cha kushona kwa mkono juu, na juu ya kitambaa picha yake ya harusi. Nilisimama na ile karatasi mfukoni mwa aproni, imekauka na kukunjamana, nikamsaidia kunyoosha pindo. Mnielewe: nilijua kila kitu na nilinyoosha pindo. Kuna watu wanazama kwa kukosa kuogelea, na kuna sisi tunaozama kwa kuona haya kuomba kamba.

Jumanne alikuja dada mmoja, kijana, viatu vizito, daftari kwapani na kijifuko cha vifaa begani. Akakuta hali ya ajabu. Mzee Pasi alikuwa anakohoa ndani ya moshi, anapuliza makaa, jivu limeshatua kwenye shati jeupe la mtu. Nje, kwenye kiti cha plastiki, Waziri alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kwa mashine kabla tahadhari haijatolewa na nusu kwa mkasi baada yake. Ungesema vichwa viwili vimegombea shingo moja. Volti alikuwa benchini, miguu kanyoosha, anasoma gazeti lililopinduka.

"Hodi wenyewe. Nimetoka shirika la umeme."

"Karibu mwanangu," Mzee Pasi akasema huku machozi yanamtoka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nimekuja kuwapimia vifaa vyenu."

"Vifaa?" Waziri akacheka kwa mshangao. "Dada, sisi ni watu wa asili."

Yule dada akatazama kichwa cha mteja. "Naona."

Akaenda kwenye mita, akabonyeza, akafungua daftari, akarudi kusimama katikati yetu. "Sijaelewa. Kwa kumbukumbu zetu, mita hii inatumia umeme mwingi kuliko karakana ya useremala ya mtaa wa pili. Wale wana randa ya umeme na misumeno miwili. Nyinyi mna nini?"

"Mkaa," akasema Mzee Pasi.

"Jua," akasema Waziri.

"Na huo umeme unakwenda wapi?"

Kimya kikatanda, na safari hii hakikuwa mimi peke yangu. Volti akakunja gazeti kwa utulivu wa kitaalamu. "Labda," akasema, "unavuja."

"Unavuja?"

"Umeme una tabia hiyo. Kwenye kuta za zamani."

Dada akafungua kalamu. "Kama unavuja, hilo ni jambo kubwa. Ni hatari kwa maisha yenu. Itabidi nikate laini hii leo hii, mpaka kuta zikaguliwe na nyaya zibadilishwe zote. Ni kama miezi miwili hivi. Nani aliyefunga hizi nyaya?"

Volti akalifungua tena gazeti.

Shangazi alikuwa ameegemea mlango. Alinitazama tu, na katika macho yake nikawaona kuku, wamejipanga, wananisubiri.

Na hapo ndipo kabati lilipoanza kulia. Barafu ya friji lile ilikuwa nene kama godoro, nalo lilikuwa limezimwa tangu alfajiri. Mstari wa maji ukachungulia chini ya pazia, ukasita kama unaomba ruhusa, halafu ukaanza kutambaa sakafuni kuelekea viatu vizito.

Dada akatazama chini. "Kabati lenu linatoa maji."

"Ni kabati la vyombo," Waziri akasema. "Vimeoshwa."

"Maji ni ya baridi."

"Tulioshea maji ya asubuhi."

Kutoka ndani ya kabati kitu kikaporomoka, gwaa, kipande cha barafu kutoka darini mwa friji. Picha ya harusi ya shangazi ikalala kifudifudi.

"Panya," Mzee Pasi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye imani yake mwenyewe imekwisha.

Dada akaweka kalamu kwenye karatasi. Nikaona anaandika herufi ya kwanza ya neno, na kwa kuwa ninasoma polepole nilikuwa na muda wa kuona litakuwa neno gani. Ilikuwa K. Kata.

"Dada," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, imekauka. Waziri akageuka kutafuta nani amekuja.

"Dada, hilo kabati ni friji."

Na mdomo ukishazoea kuwa wazi, kumbe kuufunga nako ni kazi. "Ni friji na ni bovu na tumelizima asubuhi. Kwenye ndoo ile kuna balbu kumi. Ile pasi ya mkaa ni ya marehemu. Walidhani mnakuja kutupandishia bei. Karatasi inasema kifaa kiwe kinatumika siku ya kupimwa. Nilisoma. Nilijua tangu wiki iliyopita, na sikusema."

Nikaitoa karatasi mfukoni kama ushahidi. Ilikuwa na duara la kikombe katikati.

Shangazi alikuwa wa kwanza. "Ulijua, na ukanisaidia kunyoosha pazia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Pindo lilinyooka vizuri," akasema, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ilikuwa ile yenye balbu. Tukasikia.

Yule dada alikuwa amejiziba mdomo na daftari. Mabega yalimtikisika kidogo, halafu yakatulia. "Kwa hiyo hakuna kinachovuja."

"Ni friji tu," nikasema.

"Basi hatukati kitu, ila hizo nyaya nitazitazama kabla sijaondoka. Mwenye friji bovu linalokula sana namwandikia jipya, nusu bei. Nani mwingine ana kifaa kinachokula sana?"

Mnajua watu hawa walivyogombana miaka yote, kila mmoja akiapa kwamba yeye hagusi umeme. Sasa tazameni.

"Mimi," Waziri akasema. "Mimi nina balbu kumi na mbili. Kubwa. Zinachoma nywele."

"Tano," Mzee Pasi akamkatisha. "Mbili zimeungua, tano amezikalia mama hapa. Andika mimi, mwanangu. Pasi yangu inawaka tangu asubuhi hadi jioni, niwepo nisiwepo."

"Mzee, si ulisema anayekula umeme si wewe?"

"Nilikuwa nadanganya. Siku nyingine naisahau naenda kuoga."

"Mimi mashine yangu ya kunyolea inapiga shoti."

"Pasi yangu imeunguza kanzu ya watu."

"Andika na feni. Ninayo feni inayowaka mchana kutwa inapepea ukuta."

"Inapepea ukuta?" dada akauliza.

"Shingo ilikatika. Ikageukia huko."

Volti naye akainua mkono. "Mimi sina chumba," akasema, "lakini nyaya zote hizi nimefunga mimi." Hiyo aliisema kwa fahari kabla hajakumbuka.

Dada akapachika kifaa kidogo kati ya plagi ya friji na soketi, chenye namba zinazokimbia. Friji likawashwa, likapiga chafya, likaanza kutetemeka. Wote wakalishangilia kama mgonjwa aliyefumbua macho. Akasema kifaa kikae hapo mpaka alasiri, friji lifanye kazi kama siku zote, na yeye atarudi.

Saa tisa alirudi. Benchi lilikuwa limejaa; hata mteja wa vichwa viwili alikuwepo, hakuwa na haraka ya kwenda kuonekana. Dada akainama, akasoma namba, akafuata ubavu wa friji kwa kiganja. Halafu akapeleka kiganja kwenye jiko langu la mkaa. Kati ya jiko na friji palikuwa na nafasi ya shubiri moja.

"Friji linakula," akasema. "Linakula kama matatu. Raba ya mlango imekufa, hilo moja. La pili, kuna mtu hapa anafungua mlango mara kwa mara."

Waziri akajikuna. Kila mada ikipamba moto yeye huenda kuingiza kichwa ndani ya friji, anasema anapoza hoja.

"Lakini kubwa ni hili. Jiko linalipasha friji, friji linahangaika kujipoza. Wanapigana mchana kutwa, na nyinyi mnalipia ugomvi wao. Nani aliliweka hapa?"

"Si mimi," shangazi akasema. "Mimi nililiacha kule mwisho, karibu na benchi. Siku nyingi sijauliza kwa nini limehama."

Wote wakageuka. Sikuwa na kikombe cha kuosha. Nilivitazama vyote vikiwa vimeng'aa, hakuna hata kimoja cha kunificha.

"Ni mimi," nikasema. "Nililisukuma nilipokuja. Nilitaka jiko na friji viwe karibu, nikae katikati, kila kitu nakifikia kwa mkono."

"Uvivu?" akauliza Mzee Pasi.

"Hapana, mzee. Lilipokuwa kule, kila soda ilibidi nipite mbele yenu. Nilikuwa naona haya."

Mzee Pasi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Huyu binti alikuja lini?"

"Miezi minane," shangazi akajibu.

"Na yuniti zilianza kuisha kabla ya tarehe ishirini lini?"

Kila mtu akahesabu moyoni.

"Miezi minane," Waziri akasema polepole, "nimetukanwa kwa ajili ya kioo changu. Nimeitwa mwizi wa mwanga. Nimenunua mafuta ya taa. Kumbe mla umeme wa mtaa ni mtoto wa watu anayeogopa kusema 'nipishe'."

"Kioo chako kilistahili," Mzee Pasi akasema. "Lakini kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema mwenyewe, nikaelekeza kidevu kwenye friji badala ya aproni."

"Samahani," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya pili siku hiyo kuongea bila kuulizwa, nikaona kizunguzungu.

Mzee Pasi akamgeukia dada. "Sasa mwanangu, na mimi nikuulize, maana wiki nzima sijalala vizuri. Nyinyi mnauza umeme. Mnapata faida gani sisi tukinunua kidogo?"

Dada akafungua mdomo kueleza mambo ya mitambo, nikaona uso wa mzee unaanza kujifunga. Sijui nini kilinishika. Labda ni kile kizunguzungu.

"Mzee," nikasema, "ni kama birika. Mimi nina birika moja. Mkija mmoja mmoja, linatosha mchana kutwa. Jioni mnakuja wote pamoja, halitoshi, mnanitukana."

"Hatukutukani, tunakukumbusha."

"Nifanyeje? Ninunue birika la pili, kubwa, la saa moja hiyo ya jioni, halafu likae bure siku nzima? Nikilinunua nitapandisha bei ya kahawa. Bora nyinyi mnaojaza vikombe viwili mkaacha kimoja kipoe, mniagize kimoja."

Mzee Pasi akatazama mbele yake. Palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimepoa.

"Ndivyo hivyo," dada akasema. "Mtambo mpya ni ghali kuliko kuwapa nyinyi balbu." Akaniangalia. "Unafanya kazi hapa tu?"

"Hapa tu," shangazi akajibu haraka. "Na anabaki."

Jioni ileile walilihamisha friji, watu wanne, Volti akitoa amri. Nyaya zake tatu zilikatwa mbele yake na dada mwenyewe. Zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya mfuko wa nailoni, na dada aliuliza ni viwango vya nchi gani. Waziri alipata balbu mpya kumi na mbili, analalamika kwamba sasa wateja wanaona walivyonyolewa. Mzee Pasi ameshauriwa anyooshe nguo zote kwa mkupuo mmoja, pasi ikiwa ya moto, kisha azime ndipo aje. Anazima. Lakini akishakaa hapa hunywa kwa huzuni, kama mtu aliyemwacha mtoto nyumbani.

Friji jipya bado hatujaliona. Tumo kwenye orodha, ni wa arobaini na moja. Ila tulibadilisha raba ya mlango, na lile jambazi jeupe, likiwa mbali na jiko, limekuwa na adabu. Tarehe ishirini shangazi alikuja, akasimama mbele ya mita, mkono kiunoni. Akabonyeza. Akabonyeza tena, akidhani imekosea. Yuniti zilikuwepo, za siku nane nyingine. Akanipiga begani mara mbili, na hakutaja kuku.

Gharama ya yote hayo ninailipa mimi. Friji sasa liko mwisho wa benchi, na kila soda, kila maji, ni lazima nipite mbele ya magoti sita. Siku ya kwanza nilisimama na chupa mkononi mpaka Waziri akamaliza habari ya bei ya mafuta. Siku ya pili nilisema "nipite", mbuzi mmoja wa jirani akanisikia, wao hawakusikia. Sasa ninapita mara arobaini kwa siku, na mtu hawezi kupita katikati ya uongo mara arobaini bila kusahihisha hata mmoja. Jana nilimwambia Waziri kwamba mto alioutaja haupiti nchi ile. Nilisoma darasa la tano.

Waziri alikuwa ameinuka tayari, ameingiza kichwa chake ndani ya friji kupoza hoja.

"Mnaona?" sauti yake ikatoka humo ndani. "Shirika limetupunguzia umeme, likatuongezea maneno. Nani anakuja kupima huyu?"

"Hakuna," akasema Volti. "Huyu sasa hana swichi."

Nikasimama nyuma yake, trei mkononi, na benchi zima likininyamazia.

"Toa kichwa, kaka," nikamwambia. "Funga mlango. Na unyanyue miguu, nipite."